Uzi wa Buibui wa Mwisho

Mungu anisamehe, ushauri ule niliutoa mimi. Rafiki yangu mfumaji alikuwa na mwana aliyeungua mgongo, hata shuka nyepesi ilimliza. Akaanza kumfumia kitambaa cha nyuzi za buibui. Alimvuta kila buibui uzi, akauzungusha kijitini, kisha akamwachia aende.

Kitambaa kikapungua upana wa kiganja.

“Shoga, amebaki mmoja, naye amechoka,” akalia.

“Mvute tu! Kwani buibui ana mama wa kumlilia?”

Akamvuta mpaka buibui akafa. Mtoto akafunikwa, akanyamaza. Tukiwa tunamshukuru Mungu, tukasikia kijiti kikizunguka chenyewe ndani ya stoo yenye giza: kriki, kriki. Rafiki yangu akaufuata uzi kwa vidole, chini ya mlango, hadi kitandani. Ulikuwa unatoka kinywani mwa mwanawe.