Sahihi ya Baba

Kila Jumatano, shule ilipofungwa, Taimi Hyttinen alivaa koti lake zito, akabeba begani vibao vyake vya kutelezea kwenye theluji, akashuka mteremko wa kanisa kwenda mazoezini. Hivyo ndivyo baba yake alivyojua. Kumbe alipofika kwenye kona ya duka la vyakula hakukata kulia kwenda uwanjani. Alikata kushoto, akaviegemeza vibao nyuma ya jengo dogo la matofali mekundu, akakung'uta theluji viatuni na kuingia. Hiyo ilikuwa maktaba ya kijiji cha Koivulampi.

Ndani, kwenye kona ya vitabu vya watoto, Tuisku alikuwa akimngoja. Tuisku alikuwa mbwa mzee mweusi mwenye manyoya marefu na kifua cheupe. Mwenye mbwa huyo alikuwa mkutubi, Bi Raili, ambaye kila Jumatano alimleta kazini na kumlaza zuliani. Kazi ya mbwa huyo ilikuwa moja tu: kusikiliza. Mtoto yeyote aliyetaka alipewa dakika kumi na tano, akakaa kando yake na kumsomea kwa sauti.

Taimi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kusoma kwa sauti kulikuwa kumemshinda. Darasani maneno marefu yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Saku, aliyekaa dawati la nyuma yake, hakumwacha apumue.

"Jamani, amkeni! Lori la magogo limenasa tena!" alikuwa akisema, huku darasa zima likiangua kicheko.

Tuisku hakucheka. Hakumsahihisha wala hakutazama saa. Taimi alipokwama, mbwa alipumua tu na kungoja, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Na kwa sababu hakuna aliyemharakisha, neno lililokwama lilitoka lenyewe.

Kumsomea Tuisku hakukuhitaji kadi. Kuazima kitabu ndiko kulikohitaji, na fomu ya kadi ya mtoto ilitaka sahihi ya mzazi. Majira ya mapukutiko, majani yalipokuwa yakianguka kabla ya theluji, Taimi alikuwa amempelekea baba yake fomu hiyo.

"Kadi ya nini?" baba aliuliza bila kuitazama karatasi. "Vitabu vya shule havikutoshi? Maktaba ni ya watu wasio na kazi za kufanya."

Baba yake, Jarkko, hakuwa mtu mkali. Alikuwa diwani, tena aliendesha greda la kuondoa theluji, na wakati wa baridi aliamka kabla ya watu wote ili barabara ziwe wazi watoto wakienda shule. Lakini siku ile alisema "hapana" kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya swali la pili. Basi Taimi alichukua barua ya zamani yenye sahihi ya baba, akaiiga mara ishirini kwenye daftari, na mara ya ishirini na moja akaiandika kwenye fomu. Tangu hapo vitabu vya maktaba vililala chini ya godoro lake.

Jumatano hii, Taimi alipomaliza ukurasa wake, Bi Raili alikuja akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Uso wake ulikuwa mzito.

"Mwanangu, umesikia habari? Alhamisi ijayo madiwani watapiga kura. Wanataka maktaba hii ifungwe."

"Ifungwe? Na Tuisku?"

"Tuisku atabaki nyumbani alale. Watoto watalazimika kwenda mjini, kilomita hamsini." Bi Raili alijaribu kutabasamu. "Lakini bado nina tumaini. Madiwani ni kumi na saba. Nimewauliza mmoja mmoja. Wanane wanataka ifungwe, wanane wanataka ibaki. Ambaye sijamuuliza ni baba yako, na kwake sina wasiwasi. Mzazi aliyemtilia mwanawe sahihi hawezi kutufungia mlango. Siku hiyo nitapewa dakika tatu za kuzungumza. Nitamshukuru mbele ya wote."

Taimi alihisi baridi kali kuliko ile ya nje. Alitaka kusema, lakini neno lilikwama, na safari hii hata Tuisku hakuweza kulisubiri.

Jioni hiyo mezani kulikuwa na viazi vya kuponda na soseji. Baada ya chakula mama yake, Marjut, alianza kumsomea baba makaratasi ya baraza, kama alivyofanya siku zote. Baba alisema macho yake huchoka kwa weupe wa theluji, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

"Wakiifunga maktaba tutapata greda la pili," baba alisema. "Mimi nitapiga kura ifungwe. Barabara kwanza. Mgonjwa habebwi kwenda hospitali juu ya kitabu."

"Jarkko," mama alisema taratibu, "wewe uliingia mle mara ya mwisho lini?"

Baba aliweka uma chini. "Sina haja ya kuingia. Najua waliomo. Vikongwe wawili na gazeti."

"Na watoto?" Taimi aliuliza.

"Watoto wapi? Watoto wako mazoezini kama wewe."

Taimi aliinamia sahani yake. Angesema, "Mimi nimo, baba," angefichua uongo wote: vibao, godoro, sahihi. Akinyamaza, Bi Raili angesimama mbele ya kijiji kizima kumshukuru baba kwa jambo ambalo hakulifanya. Siku tatu usingizi haukumjia vizuri.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, baba aliwasha moto wa sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, na kazi ya Taimi ilikuwa kubeba kuni. Alileta mzigo wa kwanza, akaleta wa pili. Mzigo wa tatu aliukumbatia kifuani, asiuweke chini.

"Baba, mimi siendi mazoezini."

"Leo si siku ya mazoezi."

"Jumatano. Sijaenda tangu mapukutiko. Huwa naenda maktaba." Maneno yalianza kutoka moja moja, kisha yakamwagika. "Ile fomu uliyoikataa, nilitia sahihi yako mimi mwenyewe. Bi Raili anadhani ni wewe. Alhamisi atakushukuru mbele ya watu wote. Sikutaka uaibike, baba. Nisamehe."

Baba hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kipande cha gogo mkononi.

"Weka hizo kuni chini, utaumia," alisema. Kisha akainuka. "Taimi, jina la mtu ni uso wake. Umevaa uso wangu ukaenda nao kwa watu bila mimi kujua."

"Ndiyo, baba."

"Ungevunja dirisha ningekasirika kidogo kuliko hivi." Akakitupa kile kipande cha gogo motoni. "Lakini kwa nini? Ni nini kilichomo mle cha kumfanya mtoto wangu awe mwongo?"

Taimi alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Sijui kusoma vizuri, baba. Darasani wananicheka. Mle nasomea mbwa. Yeye hanicheki."

Baba alimtazama muda mrefu, kwa jicho ambalo Taimi hakulijua. Halikuwa la hasira.

"Jumatano tutakwenda pamoja," alisema. "Utamwambia Bi Raili mwenyewe, kwa mdomo wako."

Jumatano ilipofika, greda kubwa la njano liliegeshwa mbele ya maktaba. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani asiyejua akae wapi. Alitazama rafu. Alitazama kiti cha mbao karibu na dirisha, akaondoa macho haraka.

Taimi alikwenda mpaka kwenye meza ya mkutubi. Aliiweka kadi juu yake pamoja na vitabu vitatu kutoka chini ya godoro.

"Bi Raili, sahihi ya kwenye fomu yangu si ya baba. Niliighushi. Naomba radhi."

Bi Raili alivua miwani. Alimtazama mtoto, kisha baba, kisha kadi. Taimi aliona kwamba mkutubi alikuwa amepoteza kitu zaidi ya kadi moja. Ile kura aliyoihesabu ilikuwa imeondoka.

"Umeniumiza," alisema. "Kadi hii lazima niichukue. Si halali." Akaifungia ndani ya droo. Kisha sauti yake ikalainika. "Lakini Tuisku hamwombi mtu kadi. Nenda, amekungoja."

Taimi alikaa zuliani, akaegemea ubavu wenye joto. Alifungua kitabu cha mfugaji wa nyuki alichokuwa akikisoma tangu Krismasi. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, maana alijua baba yuko nyuma yake. Kwenye mstari wa nne alikwama. Alisikia buti za baba zikisogea sakafuni, naye akajikunja akingoja kusahihishwa. Hakuna aliyesema kitu. Tuisku alipumua. Neno likatoka. Likafuata jingine, na jingine, mpaka nyuki wote wakarudi mzingani na ukurasa ukaisha.

Alipoinua macho, baba alikuwa ameketi sakafuni, mtu mzima na suruali yake ya kazi, theluji ya buti ikiyeyuka juu ya zulia.

"Kile kiti cha dirishani," alisema kwa sauti ya chini, "kilikuwa palepale nilipokuwa na miaka kumi. Ilikuwa siku ya kusoma kabla ya Krismasi. Kila mtoto alipandishwa juu yake asome mbele ya wazazi. Mimi nilikwama kwenye neno la kwanza. Walicheka watoto, wakacheka na wakubwa. Nikashuka, nikatoka, sikurudi."

Taimi alimkumbuka mama akisoma makaratasi ya baraza kila jioni. "Baba, kumbe macho yako..."

"Macho yangu ni mazima, mwanangu. Yanaona mwamba chini ya theluji hata gizani. Ni maneno yanayonishinda. Na nimeificha aibu hiyo miaka thelathini kwa kuitukana nyumba hii."

Bi Raili alikuwa amesimama kando ya rafu, mkono mdomoni. "Mimi nilikuwa bado sijaanza kazi hapa," alisema. "Lakini kwa niaba ya waliokuwepo, nisamehe, Jarkko."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama mbwa. "Huyu husikiliza watoto tu, au na wazee wazima pia?"

"Hajawahi kumfukuza mtu," alijibu Bi Raili.

Baba alikichukua kitabu kwa vidole vyake vinene. Alisoma mstari mmoja. Ulimchukua muda mrefu, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Taimi hakumsaidia. Aliyajua maumivu yale, na alijua dawa yake ni kungojwa. Mstari ulipoisha, Tuisku aliweka kichwa chake kizito juu ya goti la baba, akafumba macho.

Siku ya pili yake, Alhamisi, ukumbi wa baraza ulijaa. Taimi alikaa nyuma na mama yake. Bi Raili alizungumza dakika zake tatu bila kumshukuru mtu yeyote. Kisha baba akasimama, karatasi mkononi. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na mama hakuwa ameiona.

"Ma... madiwani wenzangu," alisoma. Akakwama. Saku alikuwepo na babu yake, na Taimi alimwona akigeuza kichwa. Ukumbi ulingoja. Hakuna aliyecheka. "Nilisema maktaba haina watu. Sikuwa na... ushahidi. Sikuwahi kuingia kutazama. Greda letu ni zee, nami ndiye ninayelitengeneza. Litavumilia mwaka mwingine. Mtoto anayeona aibu ya kusoma hawezi kuvumilia mwaka mwingine. Kura yangu ni ibaki wazi."

Kura zilikuwa tisa kwa nane. Maktaba ilipunguziwa siku, ikabaki wazi siku tatu tu kwa wiki, lakini Jumatano ilikuwa mojawapo. Nje ya ukumbi Saku alimsogelea Taimi, mikono mifukoni.

"Huyo mbwa... huuma?" aliuliza.

"Haumi," alijibu Taimi. "Na hasemi siri za mtu."

Usiku ule walikula supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Baada ya chakula baba alitoa mfukoni fomu mpya ya maktaba, akaitandaza mezani. Mama alinyoosha mkono aisome, lakini baba alimzuia kwa upole. Aliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, na wote wawili wakamngoja. Kisha akatia sahihi. Ilikuwa imepinda.

"Yako ilikuwa nzuri kuliko hii," alimwambia Taimi, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka. Halafu uso wake ukatulia.

"Sikiliza, binti yangu. Sisi wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja, na kila mmoja aliuficha kwa njia yake. Wewe uliuficha kwa uongo, mimi kwa dharau. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kusoma polepole si aibu. Kudanganya ndiyo aibu, na kuwanyima wengine mlango kwa sababu wewe uliumia mlangoni ni aibu kubwa zaidi. Ulipousema ukweli pale kwenye kuni uliniumiza sana. Lakini kama usingeusema, leo ningeifunga nyumba ile kwa mkono wangu, na nisingejua nimekufungia wewe."

Alimsogezea fomu.

"Jumatano utaipeleka. Na vibao vyako viache nyumbani. Nitakupeleka na greda, maana na mimi nimeandikiwa dakika kumi na tano."