Waliowapisha Roboti

Kila Jumamosi asubuhi, Kidoti na wenzake tisa walikuwa na kazi ya kuchekesha: kutembea ovyo ovyo. Shangazi yake, fundi wa roboti, aliwakusanya kwenye ukumbi wa shule wapite huku na huko kama watu wa sokoni. Katikati yao walipita roboti watatu wa magurudumu, kimo chao kama watoto wa chekechea: Birika, Sufuria na Kijiko. Walikuwa wakijifunza kupita penye watu wengi bila kumgusa mtu wala kugongana wao kwa wao.

"Kitendawili!" Shangazi aliita.

"Tega!"

"Nina magurudumu wala si gari, nabeba dawa wala si muuguzi."

"Sufuria!" walijibu kwa pamoja, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Siku hiyo muuguzi mkuu wa hospitali alikuja kuwakagua roboti. Wakifaulu, wangeanza kazi wodini Jumatatu. Wakishindwa, jasho la Shangazi la miaka miwili lingekuwa la bure.

Roboti walipita vizuri ajabu. Muuguzi mkuu akapiga makofi.

"Hakuna aliyeguswa! Wagonjwa wangu watafurahi, maana wengine wanatembelea magongo, hatua moja leo, nyingine kesho."

Kidoti akaacha kutembea. Wiki tatu nzima alikuwa akiwanong'oneza wenzake, "Roboti akija, mpisheni haraka, Shangazi asije akaaibika." Sasa mgonjwa mwenye magongo angewezaje kumpisha roboti?

"Shangazi," alisema, "hawatukwepi. Sisi ndio tunaowakwepa. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu, ili usiaibike."

"Hebu tuone," akasema muuguzi mkuu. Akashika fagio kama gongo, akaanza kuchechemea. Sufuria akamjia moja kwa moja, paa! kwenye muundi.

"Jamani, mguu wangu! Na huyu hata pole hasemi!"

Watoto wakaangua kicheko. Kidoti peke yake aliinamisha kichwa.

"Nawapa wiki mbili," muuguzi mkuu alisema akijisugua. "Na safari hii msiwapishe hata kidogo!"

Basi wakafanya kazi kwelikweli. Huyu alichechemea, yule alisimama ghafla kufunga kamba za viatu, wengine walipiga soga bila kutazama mbele. Kila mtu alipoguswa, Kidoti aliandika, naye Shangazi akarekebisha. Muuguzi mkuu aliporudi na kuchechemea tena, Sufuria alisimama akangoja, Birika nyuma yake akapunguza mwendo, Kijiko akazunguka kwa mbali.

"Jumatatu waje," akasema.

Shangazi akamkumbatia Kidoti. "Mwanangu, ulinificha kosa kwa sababu unanipenda, nalo likazidi kukua. Uliposema kweli mbele ya watu, ndipo nikajua pa kurekebisha. Ukinipenda, niambie palipoharibika."