Jiwe la Gurudumu

Asubuhi ile Tluway alifungua mlango wa Datsun yake akakuta kiti cha msoma ramani kinanuka maziwa ya kibuyu, yale ya Kimasai yenye harufu ya moshi. Hakuna aliyebeba maziwa, na funguo alilala nazo mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1974, wiki mbili kabla ya mbio za magari za Pasaka. Tluway alianzia kwenye malori ya kahawa kule Oldeani, akaingia mashindanoni, na kwa miaka sita Karatu nzima ilimjua kwa vumbi lake. Kombe hakulipata hata mara moja. Mdogo wake Patrisi ndiye aliyekaa kushoto kwake na kumsomea kona zilizo mbele.

Jana yake walipata pancha mazoezini, juu kwenye ukingo wa kreta. Tluway na haraka zake alichomoa jiwe kwenye rundo la mawe kando ya barabara, akazuia gurudumu, kisha akampa Patrisi alipakate liwafae tena mbele, kwa kuwa buti lilijaa matairi. Rundo lile lilikuwa kaburi la mzee mmoja wa Kimasai. Kila mfugaji akipita huongeza jiwe au majani mabichi. Yeye alipunguza.

Mchana wa siku ile ya harufu Patrisi alianguka, akalala macho wazi bila kusema neno.

"Shemeji, mume wangu anapumua tu," Blandina alinong'ona siku ya nne. "Hayumo."

Tluway alipowasha gari kwenda kutafuta msaada, sauti ya Patrisi ilianza kusoma kona kutoka kiti kitupu. Akafika kwa Bibi Naipanoi, muuza maziwa wa Nainokanoka, akamsimulia yote, hata habari ya jiwe.

"Huyo mzee amepanda gari lako, kijana wangu," bibi alisema polepole. "Rudisha jiwe, atashuka palepale. Atakuomba kwa sauti ya mtu wako. Usimsikie."

Tluway akapanda ukingoni, ukungu umeshuka hadi kwenye boneti, haoni hata taa zake mwenyewe, na sauti ikimwongoza kulia, kushoto, taratibu kaka, mpaka rundo lilipojitokeza na sauti ikaanza kulia, usisimame kaka, nakuomba kwa jina la mama, usiniache hapa na baridi hii, naye Tluway analia vilevile huku amelikumbatia jiwe. Garini hamkuwa na harufu ya maziwa tena, lakini hakujiuliza imekwenda wapi. Akashuka, akaliweka rundoni, akalifunika kwa majani. Kukawa kimya.

Blandina alimpokea mlangoni, uso umempauka.

"Ameamka, shemeji. Anaongea."

"Mungu mkubwa! Anasemaje?"

"Sijui. Ni Kimasai."

Patrisi hakujua Kimasai hata cha salamu. Alikuwa ameketi kitandani kama mzee, mikono juu ya fimbo, na chumba kizima kilinuka moshi na maziwa. Akamtazama Tluway kama mtu asiyemfahamu, akanyoosha mkono aletewe kibuyu. Ndipo Tluway alipojua ni nani hasa aliyemlilia garini.

Tluway aliendesha kurudi mlimani kwa kasi ambayo hakuwahi kuitoa kwenye shindano lolote. Wafugaji walikuwa wamepita. Majani yake yalikuwa yametawanyika, na mawe yalikuwa mamia, yote yamelowa, yote ya rangi moja.

Akapiga magoti, akaokota la kwanza, akaliita Patrisi.