Nguzo ya Mishale Mitatu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Miradie alimvalisha mdogo wake Luc soksi. Alianza na mguu wa kushoto, kwa sababu huo ndio uliokuwa mgumu kukunjika, kisha wa kulia, kisha viatu vyenye mikanda. Mama yao, Mama Josée, alimbeba Luc na kumketisha kwenye kiti chake cha magurudumu, na Miradie akamsukuma hadi kwenye lifti.

Walikaa Tottenham, jijini London, ghorofa ya nne, na lifti ile ilikuwa na tabia zake. Ikiamka vizuri, watoto walifika shule mapema. Ikigoma, Mama Josée alimbeba Luc mgongoni kwa kitenge ingawa alikuwa na miaka minane, na Miradie akashuka nyuma yao akigongesha kiti ngazi kwa ngazi.

"Taratibu na gari langu!" Luc alipiga kelele.

"Gari gani lisilo na honi?"

"Honi ni mimi mwenyewe. Piii!"

Basi, Jumapili moja ya mwezi wa tano, gari hilo liliharibiwa. Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la mazulia, na waumini wengi walitoka Bukavu na Uvira, mashariki ya Kongo. Baada ya ibada, Luc alikuwa amelala mkekani akisikiliza hadithi na watoto wadogo. Shekinah, binti wa Mama Alphonsine aliyeongoza kwaya, akaketi kwenye kile kiti na kuwaambia wenzake wamsukume mbio. Walikwenda mara ya kwanza, wakacheka. Mara ya pili kiti kikagonga ukuta na gurudumu dogo la mbele likavunjika.

Wazee walipofika, Shekinah alikuwa amesimama pembeni, ametulia kama si yeye.

"Ni Miradie," alisema. "Alikuwa anakichezea."

Miradie alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na kikombe cha maji ya Luc. "Mimi? Mimi sikuwepo!"

"Usibishane na wakubwa," alisema Papa Séraphin, mzee wa kanisa. Hakuuliza swali lolote. Alimwondoa Miradie kwenye kwaya palepale, mbele ya watu wote, na Shekinah akatazama viatu vyake.

Gurudumu jipya lilichelewa sana kuletwa. Luc alishinda ndani siku nyingi, akitazama mabasi yakipita chini ya dirisha, wala hakupiga honi tena.

Miradie hakulia. Alianza kukipika kisasi chake kama mtu anayepika maharage: moto mdogo, kifuniko juu. Aliwaza kumtilia Shekinah pilipili kwenye mafuta ya nywele. Aliwaza kufumua mshono wa gauni lake la kwaya, lifunguke katikati ya wimbo. Lakini kila wazo lilionekana dogo. Alitaka Shekinah aogope. Alitaka apotee, aite watu, na watu wasimwitikie.

Mwezi wa nane, kanisa lilifunga safari kwenda Ayalandi. Mama mmoja wa Kiayalandi aliyefanya kazi na Mama Josée kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikuwa amewasifia kijiji cha kwao. Alisema wanakijiji wametengeneza njia za kutembea kwa miguu kwa ajili ya kila mtu: wenye nguvu, wazee, hata mtoto wa kiti cha magurudumu. Mama Josée alirudi nyumbani akiimba. Akina mama, ambao hawakuamini chakula cha ugenini, walipanda feri na sufuria ya sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopikwa, iliyofungwa kwa vitambaa, pamoja na unga wa bugali na samaki wa chumvi. Abiria wenzao walisogea mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

Mzee Donal, mtunzaji wa njia zile, aliwapokea kwenye ukumbi wa kijiji walikofikia, akiwa na buti za mpira na kofia iliyochakaa. Aliwapeleka mwisho wa kijiji, mahali njia zinapoachana. Hapo palisimama nguzo ya mti yenye mishale mitatu.

"Kijani ni njia ya mtoni," alieleza. "Ni tambarare, ina changarawe laini na viti vya kupumzikia. Nimeisawazisha kwa ajili ya watu kama huyu dereva." Luc akatabasamu. "Bluu inapita msituni na kuvuka matope meusi hadi ziwani. Kuna mbao za kukanyaga, lakini ni nyembamba. Nyekundu inapanda mlimani."

Aliishika nguzo nayo ikacheza. "Ardhi ya huku ni laini. Kesho kutwa nitaijazia mawe."

Wengine walitazama mlima. Miradie alitazama nguzo.

Mpango wa kesho yake ulijulikana. Shekinah na wasichana wakubwa wangekwenda njia ya bluu. Miradie na mama yake wangempeleka Luc njia ya kijani. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya chai, Miradie alikimbia peke yake hadi njia panda. Aliikumbatia nguzo kwa mikono miwili na kuisokota. Ilizunguka bila shida. Mshale wa bluu sasa ulielekea mlimani. Wa kijani ulielekea matopeni. Mwekundu ulielekea kichakani, lakini siku hiyo hakuna aliyepanga kupanda mlima.

Alijiambia kwamba mshale wa kijani hauna neno. Njia ya mtoni anaijua, na Luc atakuwa naye.

"Nenda sasa," alinong'ona, kana kwamba Shekinah yupo mbele yake. "Nenda mlimani na viatu vyako vyeupe. Piga kelele huko."

Aliporudi, mama yake alimtuma dukani kuchukua maziwa. Alikwenda akiruka kwa furaha. Na wakati yuko dukani, jambo lilitokea ambalo hakulitazamia.

Shekinah alikuwa amemtazama Luc akinywa chai, akauweka mkate wake chini. Akamwambia mama yake ukweli wote. Mama Alphonsine akamshika mkono na kumpeleka kwa Mama Josée. Kwa watu wa kwao, aliyekosea hasemi samahani tu akaenda zake. Ni lazima amtumikie yule aliyemkosea.

"Dada, huyu wangu ndiye aliyevunja kiti," alisema Mama Alphonsine. "Leo atakuwa miguu ya Luc. Amsukume yeye, na Miradie apumzike."

Mama Josée akakubali. "Watangulie. Sisi tutawafuata tukimaliza kufunika chakula. Njia yenyewe ni nyepesi."

Miradie alirudi na maziwa. Wasichana wa njia ya bluu walikuwa bado wanakula mandazi.

"Shekinah yuko wapi?" aliuliza.

"Amekwenda na Luc," alijibu mama yake, uso ukimeremeta. "Mwanangu, amekiri! Wamefuata njia ya kijani. Njoo nikukumbatie."

Miradie alikumbatiwa, lakini mikono yake ilining'inia. Akisema kuhusu nguzo, Shekinah atakuwa mwema na yeye atakuwa mbaya, siku ileile aliyosafishwa jina! Akajipa moyo. Labda wamekumbuka maelezo ya Mzee Donal. Labda hawakuutazama mshale. Akakaa, akashika kisu, akamenya viazi ambavyo hakuna aliyemwambia amenye.

Mvua ikaanza, na nyuma yake ukungu ukashuka kutoka mlimani ukafunika paa za nyumba. Mzee Donal akaingia ukumbini akidondosha maji. Alikuwa ametoka mtoni kupitia geti la shamba lake, bila kupita njia panda.

"Njia ya kijani nimeitembea yote," alisema. "Hakuna mtoto."

Mama Josée aliangusha mwiko. "Mto! Luc wangu!" Akatoka mbio bila koti, na Mama Alphonsine nyuma yake. Mzee Donal akawaita majirani walete kamba na fimbo ndefu za kupimia maji. Wote wakaanza kuelekea mtoni, mbali kabisa na matope meusi.

Miradie aliona jinsi watu wazima wote wanavyokimbilia upande usio sahihi. Kama angenyamaza, wangetafuta huko hadi jioni. Akakimbia, akaishika sketi ya mama yake kwa nguvu.

"Mama, hawako mtoni! Wako matopeni!"

"Umejuaje?"

"Nimeigeuza nguzo. Nilitaka Shekinah apotee. Mama, nimeigeuza mimi!"

Mama Josée alimtazama kama mtu asiyemjua. Halafu akamwambia Mzee Donal, na wote wakageuka.

Waliwakuta katikati ya mbao. Kiti kilikuwa kimeteleza na kuzama, yamebaki magurudumu mawili juu. Luc alikuwa ndani ya matope hadi kifuani. Shekinah alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, amempitishia Luc mikono kwapani, akimshikilia asizidi kushuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Nimeita," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nimeita sana. Hakuna aliyeitikia."

Ndicho hasa Miradie alichokitaka. Alisimama pale mvuani akisikia kila neno.

Kamba ilipita, wanaume wakavuta, Luc akatoka akilia, bila kiatu kimoja. Walimfunga blanketi na kumpeleka kwenye ukumbi wa kijiji, karibu na moto. Daktari wa kijiji alimpima, akasema amepata baridi tu. Alipoacha kutetemeka, Luc aliuliza, "Kwa nini mshale ulitudanganya?"

Mama Josée akasema, "Miradie, mjibu mdogo wako."

"Ni mimi, Luc. Niliugeuza kwa ajili ya Shekinah. Sikujua kwamba wewe…"

Luc alijivuta ndani ya blanketi. "Niliogopa sana," alisema. "Nilifikiri nakufa. Sitaki unisukume tena. Anisukume Shekinah."

Miradie alitamani apigwe kofi badala ya maneno yale. Papa Séraphin akasimama, kofia mkononi. "Mtoto, mimi pia nina deni. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe." Lakini heshima hiyo, aliyoitamani tangu mwezi wa tano, haikuwa na ladha.

Kesho yake walikwenda njia panda, Miradie, Shekinah na Mzee Donal. Walibeba mawe kwa ndoo, wakashindilia udongo kwa visigino hadi nguzo ikakataa kucheza. Shekinah hakuwa na maneno mengi. "Na mimi nisamehe," alisema tu, akampokea ndoo. Luc alitazama kutoka mikononi mwa mama yake, aliyekuwa amewafuata, wala hakumsalimu dada yake.

"Mama, atanikasirikia mpaka lini?" Miradie aliuliza, matope yamemjaa mikononi.

"Hilo ni la Luc. Siwezi kumharakisha." Mama Josée alimhamisha mtoto bega la pili. "Sikia, mwanangu. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na sisi wakubwa tulikosea kutokukusikiliza. Ungekuja kwangu kila siku, ukanisumbua, mpaka nikubali kusikiliza. Lakini ulichagua kulipiza. Ulipoigeuza nguzo ulimfikiria mtu mmoja tu, na njia hii ni ya kila mtu anayepita. Kisasi ukishakiachia, huwezi tena kukiamuru kimfuate nani. Kosa la jana ulilisema kwa kinywa chako, ndiyo maana leo nina watoto wawili. Sasa nenda ukachukue ndoo nyingine. Upande ule bado una shimo."

Miradie akachukua ndoo, akaenda kutafuta mawe.