Sauti ya Bujiku

Tangazo la pamba lilikatika mbele ya soko la Bariadi, katikati ya neno. Sauti nzito ya Bujiku ilikuwa imefika "wakulima, leteni pam...", kisha kimya. Domitila, aliyekaa kiti cha nyuma cha gari na kompyuta mapajani, alitazama kioo. Programu ya muziki ilikuwa inaendelea kuhesabu sekunde kana kwamba kila kitu kinasikika. Kwenye spika zilizofungwa juu ya paa mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mzee aliyezoea moshi.

"Domi, vipi huko?" Bujiku aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Faili limeharibika, kaka. Nitalishughulikia."

Miaka ile kampuni binafsi za pamba zilikuwa zimejaa Bariadi hadi Meatu, kila moja ikiwaita wakulima kwa spika, na hakuna sauti iliyogombewa kama ya Bujiku. Alirekodi tangazo mara moja tu. Domitila alilipanga kwenye orodha pamoja na nyimbo, nalo likapigwa kutwa nzima gari likizunguka minadani.

Jioni alilijaribu kwenye kompyuta ya ofisini, likapiga vizuri hadi mwisho. Alilifuta kwenye orodha akaliingiza upya. Aligeuza aina ya faili, akabadili waya, akaiondoa programu yote na kuiweka tena. Kesho yake likakatika palepale, na safari hii ndani ya gari kukanuka moshi wa mavi ya ng'ombe, ule wa jiko la kijijini, ingawa vioo vilikuwa vimefungwa.

"Nani anachoma hayo mavi?" Bujiku aliuliza. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Hakuna anayechoma kitu, kaka."

Siku ya mnada wa Lagangabilili, Domitila aliacha tangazo akachagua wimbo wa harusi. Kilichotoka hakikuwa wimbo.

"Ndugu wananchi! Ng'ombe wenu hawafi bure! Mchawi mnamjua! Macho yake mekundu mnayaona! Nyumba ya Nyanjige mnaijua!"

Ilikuwa sauti ya Bujiku mwenyewe. Faili la namna hiyo halikuwamo kwenye orodha, wala popote kwenye kompyuta.

"Zima!" Bujiku alisema.

Domitila akabonyeza kusimamisha, sauti ikaendelea, akachomoa waya wa kompyuta, ikaendelea, akazima amplifaya hadi kitaa chake kikafa, ikaendelea vilevile juu ya vichwa vya watu na mbuzi, na kila Bujiku wa kwenye spika alipopumzika kuvuta pumzi, mwanamke mzee alimjibu taratibu, bila hasira, kama anayesema na mtu aliyekaa naye jikoni, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Mnada mzima ukasimama. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga alitua beseni lake, akaja hadi dirishani.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Mimi ni Generoza, binti wa Nyanjige. Mama alikatwa mapanga. Ninyi mmemtoa wapi?"

Bujiku akatia gia, gari likaruka, watu wakatawanyika. Mnada ulipopotea nyuma ndipo sauti ikakoma.

"Ni Marcelo aliyenikodi nitangaze vile kijijini kwao," alimwambia Domitila kwa kunong'ona. "Mtoto wa shemeji yake yule bibi. Alitaka mashamba yake. Mimi nilitangaza tu, Domi. Sikushika panga."

"Ulijua watamfanya nini?"

Bujiku alikaza macho barabarani. Alipojaribu kusafisha koo, lilikwaruza.

Walikwenda Kiloleli kwa mganga aliyeitwa Mboje, mama mtu mzima mwenye kusifika kwa kutoa majini. Mboje hakumgusa kuku waliyempelekea. Alimnusa Bujiku, akarudi nyuma.

"Jini ningelitoa, baba," alisema. "Huyu ni mtu, na anadai haki yake. Nenda ukasimame mbele ya watu walewale, ulisafishe jina lake kwa mdomo wako. Usichukue mashine."

Njiani kurudi Bujiku aliegesha gari pembeni.

"Nikisimama pale wataniua. Nirekodi, Domi. Nitakaa garini, wewe utapiga."

"Mganga amesema kwa mdomo."

"Si mdomo wangu utakaorekodi? Nisaidie, dada yangu."

Domitila alimrekodi, kwa kuwa alitaka kitu kile kiondoke kwenye maisha yake. Alisikiliza kwa spika za masikioni: Bujiku akiomba radhi, akisema Nyanjige hakuwa mchawi. Jina la Marcelo hakulitaja.

Kijiji chenyewe kilikuwa mbele ya Mwanhuzi, kwenye nchi kavu ya malisho. Watu walikusanyika mbele ya jiko la Nyanjige lililobomoka, Generoza akiwa mbele yao. Marcelo alisimama nyuma, mikono ameikunja kifuani. Domitila aliliweka faili peke yake kwenye orodha, akabonyeza.

Kimya. Sekunde zikahesabika.

"Kaka," alinong'ona, "shuka useme mwenyewe."

Bujiku alishuka. Alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, na kilichotoka ni moshi mwembamba tu, na hapohapo spika zikafunguka na sauti yake mwenyewe, ile nzito iliyoita wakulima, ikaanza kueleza kila kitu, nani alimkodi, wapi walikaa wakapanga, nani alileta mapanga na nani alishika miguu ya bibi, hata mambo ambayo Bujiku hakuwahi kuyajua, huku yeye akiwa amejishika koo kwa mikono miwili na machozi yakimtiririka, mpaka sauti ile ikapanda kidogo kidogo, ikakonda, ikawa ya kike, ikawa ya Nyanjige.

Vijana wakaokota mawe. Marcelo akakimbilia kwenye mtama.

"Msiwaguse!" Generoza alipiga kelele. "Hata yule anayekimbia, mwacheni! Mama hajamaliza nao."

Domitila hakurudi tena kwenye kazi ile. Bujiku alirudi Bariadi kwa mke wake, Violeth, akiwa bubu. Mchana alikaa uani akitazama mikono yake. Ila kila alipolala, mdomo wake ulifunguka na Nyanjige akasema. Aliamkia kwanza, "Mwangaluka," kisha akataja jina moja, taratibu, la mtu na la baba yake. La kwanza lilikuwa la Marcelo. Zikaja habari kwamba ameamka hana sauti, na kila akitaka kula, chakula kinanuka moshi kinywani mwake. Likafuata la jirani yake, naye ikawa vilevile.

Ndipo wanaume wa kijiji kile wakaanza kuja. Walifika mmoja mmoja kwa baiskeli, kofia zimeshushwa usoni, wakimletea Violeth jogoo au asali na kuuliza wakitazama chini.

"Shemeji, jana ametaja nani?"

Leo alikuja mwingine, mtu mzima mwenye nguvu, vidole vikicheza kwenye kengele ya baiskeli. Aliuliza swali lilelile. Violeth alitazama kwenye mkeka, mume wake alikokuwa amejilaza kukwepa jua la mchana, akaona midomo yake imeanza kuachana.

"Kaa hapo," alimwambia mgeni. "Msikilize mwenyewe."