Masikio ya Shemasi Ezell

Kila Jumapili kabla ya mahubiri, Shemasi Ezell Pettaway alisimama mbele ya kanisa la Mlima Nebo na kuanzisha wimbo. Hakutumia kitabu wala kinanda. Alitamka mstari mmoja harakaharaka, na kanisa zima likaupokea na kuuimba polepole, kwa kuuvuta, mpaka mwisho. Kisha akatamka mstari wa pili. Ndivyo walivyoimba wazee wake, siku ambazo wengi wao hawakujua kusoma. Ezell alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, na aliipenda kuliko cheo chenyewe.

Tatizo lilikuwa masikio. Ujanani Ezell alikuwa askari wa mizinga katika vita vya Vietnam. Alirudi nyumbani na viungo vyake vyote, pamoja na mlio masikioni kama wa nyenje, usiokoma usiku wala mchana. Kadiri miaka ilivyopita, mlio ulipanda na sauti za watu zikashuka. Ezell hakukubali. Alisema watu wa siku hizi wananong'ona. Mkewe, Verlene, akimwita mara tatu kutoka jikoni, aliitika ya nne, tena kwa kumwuliza kwa nini anapiga kelele.

Jumapili moja mjukuu wao Corliss alikuja kula nyumbani. Alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Hollis Grove, chuo cha watu weusi ambacho babu wa babu yake Ezell alikibebea matofali kilipojengwa. Wakiwa mezani na kuku wa mchuzi na mkate wa mahindi, Corliss aliwapa habari njema. Amepata kazi katika maabara inayochunguza masikio yaliyoharibiwa na milio ya silaha. Ujira wake utalipa karo, maana mwaka huu alikuwa karibu kuacha masomo.

"Nani analipa?" Ezell aliuliza.

"Jeshi, Babu. Limekipa chuo ruzuku."

Ezell akaweka uma chini. "Kwa hiyo umeandikishwa."

"Hapana, Babu."

"Hela ya jeshi haiji bila buti. Mimi nilivaa. Wewe huvai."

Corliss akazidi kuharibu mambo. Alisema wanatafuta askari wastaafu wa kupimwa, watu kama Babu.

"Masikio walishachukua," Ezell akasema. "Sasa wanataka na kichwa?"

Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba zamani madaktari wa serikali waliwahi kuwachunguza wanaume weusi kwa miaka mingi na kuwaficha ukweli wa ugonjwa wao. Ezell alimwambia mjukuu wake aiache kazi hiyo. Corliss alikwenda kuosha vyombo, na machozi yakamdondokea kwenye sinki.

Kesho yake Verlene alimwita jirani yao, Odessa Battle. Odessa alikuwa muuguzi mstaafu, na pale chuoni alikuwa katika kamati inayolinda haki za watu wanaofanyiwa utafiti. Alikuja na pai ya pichi, akaketi upande wa kulia wa Ezell, kwenye sikio lenye nafuu, akamtazama usoni na kusema taratibu.

"Shemasi, hofu yako ina sababu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini usikimbie kabla hujauliza. Niulize."

Ezell akauliza kama Corliss atapelekwa vitani. Odessa alimweleza kwamba ruzuku ni fedha za kufanya kazi fulani. Anayefanya kazi hiyo hali kiapo wala havai sare. Jeshi linalipa, lakini wanaochunguza ni wataalamu wa chuo. Katika mkataba huu, matokeo yatatangazwa wazi, kila mtu ayasome.

"Na mikataba yenye siri?"

"Ipo. Ndiyo maana mtu huuliza kwanza: nani analipa, anataka nini, na matokeo ni ya nani? Lakini jua na hili. Kwa miaka mingi fedha nyingi za namna hii zilikwenda kwa vyuo vikubwa. Vyetu viliokota makombo. Vijana wetu walipigana vita vile vile, lakini waliokuwa wakichunguza ni wengine."

Kisha alimweleza kipimo chenyewe. Hakuna sindano wala dawa. Mtu hukaa katika chumba kimya na hedifoni masikioni, akisikia mlio anabonyeza kitufe. Karatasi ya ridhaa anakwenda nayo nyumbani, anaisoma na mkewe, wala hatii sahihi papo hapo mlangoni. Akichoka, hata katikati, anaondoka, na hakuna atakayegusa malipo yake ya uzeeni.

"Nitapona?"

"Sitakudanganya. Utafiti si matibabu. Lakini watakachokiona watakuambia, nami nitakusindikiza kliniki ya askari wastaafu upate vifaa vya kusaidia kusikia. Ulipaswa kwenda huko zamani."

Ezell akatikisa kichwa. "Sina haja. Nasikia vya kutosha kuongoza wimbo."

Verlene akaiacha pai.

"Huusikii, Ezell," alisema. "Unaingia mstari wa pili kabla hatujamaliza wa kwanza. Mwaka mzima sasa. Kwa hiyo tunaukata. Tunaukata mkia wa wimbo ili wewe usiaibike."

Ilimbidi aseme kwa sauti kubwa ili mumewe asikie, na kusema kwa sauti kubwa kulimwuma Verlene zaidi. Ezell akaisogeza sahani yake kando.

"Hata mchungaji?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Wiki iliyofuata Ezell alikwenda Hollis Grove, Verlene pembeni na Odessa nyuma. Alimwuliza daktari kijana wa maabara maswali mpaka yule kijana akafuta miwani. Yote yalijibiwa. Jambo moja tu Ezell alilikataa: kurekodiwa sauti yake. Wakalifuta, wakaendelea bila kununa. Corliss alisimama nyuma ya kioo, akimwona babu yake akibonyeza kitufe kwa makini kama mtoto wa shule.

Matokeo yalionyesha kwamba sauti za juu zilikuwa zimempotea karibu zote. Sauti za wanawake na za watoto zilimfikia nusunusu, na miisho ya maneno haikumfikia. Kliniki ilichukua miezi kadhaa, maana Odessa alilazimika kupiga simu nyingi, lakini hatimaye Ezell alipewa vifaa vidogo vya kuvaa masikioni. Siku ya kwanza alilalamikia mvumo wa jokofu, halafu kelele za ndara zake mwenyewe. Siku ya pili alimpigia Corliss simu. Alimwambia kazi yake aendelee nayo, na kila atakapopewa karatasi ya kutia sahihi, aisome mpaka chini.

Jumapili ikafika. Ezell akasimama mbele ya kanisa, akatamka mstari wa kwanza. Kanisa likaupokea, likauvuta, na kwa mazoea likaukata.

Mara hii alisikia pale ulipokatwa. Sauti mia zilinyamaza pamoja, kwa ajili yake, kama zilivyonyamaza kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka. Macho yakamjaa. Hakutamka mstari wa pili. Aliinua mkono.

"Malizeni," alisema. "Nawasikia."

Watu wakatazamana. Kisha, kutoka benchi la tatu, sauti moja nyembamba ya mwanamke ikauokota wimbo pale ulipoangushwa. Ilikuwa ya Verlene, na Ezell aliitambua kabla hajamtazama. Wengine wakamfuata. Mkia wa wimbo ukapanda, ukashuka, ukarefuka kama zamani, na shemasi akaungoja mpaka mwisho.