Mdanzi Katika Chumba cha Mama

Siku ya saba baada ya kumzika mama mkwe wake, fundi cherehani alipangusa vumbi kwenye majani ya mdanzi, akakuta yana joto kama paji la uso la mtu mwenye homa.

"Jiko hilo," mumewe alisema bila kugeuka.

"Jiko limezimika tangu jana."

Mumewe alikuwa mtunza bustani, na watu walimwita Bwana Danzi, maana katika mji ule wa baridi hakuna mwingine aliyeweza kuufanya mti wa machungwa machungu uzae. Miezi ya joto ulipamba uwanja ukiwa ndani ya pipa. Baridi ikianza, aliuingiza sebuleni. Mwaka huu mti ulikuwa umerefuka mno kuingia sebuleni. Chumba pekee chenye dirisha kubwa na jiko la kuni kilikuwa cha mama yake mzazi, basi akamhamishia mama stoo ya nyuma.

"Mama ana mablanketi. Mti hauna."

Fundi alishika godoro la mama mkwe upande wa miguu, wakambeba. Wiki ya tatu huko stoo, kifua kikamuua mama mkwe.

Kisha ikaja harufu ya dawa ya kuchua kifua, na siku ya tisa, mchana kweupe, fundi akiwa anashona pindo la pazia, alisikia kikohozi kikavu chumbani, akaacha kukanyaga cherehani, akanyata hadi mlangoni, akaona matawi yote yameupa mgongo mwanga wa dirisha na kuelekea pale kilipokuwa kitanda, na danzi moja lililoiva likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayetafuta pumzi.

Mtabibu wa kupunga majini, aliyeitwa na fundi, alikuja jioni ile, mama mnene mwenye mabuti ya mvua. Alifukiza ubani, akauliza, "Chumba hiki cha nani?"

"Cha mti," alisema Bwana Danzi.

"Cha mama," alinong'ona mkewe.

Majani yakatikisika, na sauti ya chini ikatoka kwenye shina, bila hasira. "Mimi ni jini wake. Miaka arobaini nilikaa naye. Mlipombeba nilidhani mnampeleka penye joto zaidi."

"Toka uende zako," mtabibu aliamuru.

"Nitatoka. Kwanza waliombeba waseme."

Fundi alipiga magoti. "Nilimbeba. Nilijua kule ni baridi, nikaogopa kugombana na mume wangu. Nisamehe, mama."

Mtabibu akamgeukia mume. "Na wewe, baba? Sema upesi."

"Niseme nini? Mama alikuwa mzee. Wazee hufa."

Majani yote yakapukutika kwa mkupuo mmoja. Mti ukabaki fito kavu. Mtabibu aliinama, akagusa pipa, kisha akaanza kukusanya vitu vyake.

"Ametoka?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtini, ametoka."

Nyuma yao, Bwana Danzi alikuwa ameanza kutetemeka.

Fundi alibeba cherehani yake kesho yake, akaenda kwa dada yake. Miezi ya joto ilipofika alipita njia ile mara moja tu. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya bustani, juani, makoti matatu mwilini, midomo imemgeuka rangi, akimsihi kila mpita njia, "Jamani, fungeni mlango."